Sura ya 4: Kwa Nini Nusu ya Nyumba Imezimika?

Kuna swali ambalo mafundi umeme wa Kampala huulizwa kila mara, aghalabu kwa simu na aghalabu usiku: "Sebuleni taa zinawaka, jikoni giza. Umeme umekatika au haujakatika?" Mwingine huuliza kwa nini akichomeka pasi chumbani televisheni ya sebuleni inazima, ilhali taa hazitikisiki. Mpangaji aliyehamia nyumba mpya Najjera au Kira naye hushangaa kuona hita ya bafuni ina breka yake peke yake, wakati soketi sita zinashirikiana moja.

Wote hawa wanauliza jambo moja: umeme ukishaingia ndani, unagawanywaje? Mgawanyo huo ndio unaoamua nini kizime na nini kibaki kikiwaka, waya upi upate moto, na kama mtoto aliyegusa friji yenye hitilafu atapona. Hata hivyo mtu hununua au hupanga nyumba, akakagua vigae, dari na bomba za maji, asifungue hata siku moja kile kijilango kidogo ukutani.

Kutoka nguzoni hadi kwenye dibii

Tuanze nje. Umeme hufika nyumbani kwa kebo inayotoka kwenye nguzo. Tangu Aprili 1, 2025, nguzo na nyaya za mjini ziko chini ya kampuni ya serikali ya UEDCL, iliyopokea kazi kutoka kampuni ya Umeme baada ya mkataba wa miaka 20. Kebo hupita kwenye mita, na kwa nyumba nyingi hiyo ni mita ya Yaka, ya kulipia kabla, iliyoanza kutumika mwaka 2011. Mpaka hapo ni mali ya kampuni. Baada ya mita, kila kitu ni chako: waya, lawama na gharama.

Kutoka kwenye mita umeme huingia kwenye kisanduku cha breka, ambacho mafundi hukiita dibii. Ukifungua kijilango chake utaona swichi moja kubwa, ya kuzima nyumba nzima, na safu ya swichi ndogo. Hizo ndogo ndizo breka: swichi zinazojizima zenyewe umeme ukizidi kiasi.

Kila breka inalinda saketi moja. Saketi ni njia kamili ya umeme: unatoka kwenye breka kwa waya wa moto, unapita kwenye taa au pasi, kisha unarudi kwa waya wa nyutro. Waya wa tatu ni ethi. Kwa kawaida hauna kazi, lakini upo ili umeme uliopotea njia, kwa mfano ukagusa bati la friji, upate pa kukimbilia kabla haujapita kwa mtu. Huishia kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini nje ya nyumba. Nyumba za zamani zina moto mwekundu na nyutro nyeusi; nyumba mpya zina kahawia na bluu. Ethi ni kijani, au kijani na manjano.

Ukitaka picha, fikiria stendi kuu ya teksi katikati ya Kampala. Abiria wote hufika stendi moja, lakini gari la Ntinda, la Entebbe na la Gayaza kila moja lina njia yake. Njia ya Gayaza ikifungwa, wa Entebbe wanafika salama.

Kwa nini usitumie waya mmoja tu?

Ungeweza. Vibanda vingi mjini vimejengwa hivyo hivyo. Tatizo ni joto.

Waya ukipitisha umeme hupata joto, na ukipitisha mwingi kupita unene wake, joto hilo huyeyusha plastiki iliyouzunguka. Wingi wa umeme unaopita hupimwa kwa ampea. Nguvu inayoliwa na kifaa hupimwa kwa wati, na imeandikwa chini ya kila pasi na kila birika. Msukumo wa umeme ni volti, na kwa Uganda ni 240. Hesabu ni moja tu: gawanya wati kwa 240, utapata ampea.

Balbu ya kisasa ya wati 9 ni kitu kidogo mno. Weka 20 nyumba nzima, jumla ni wati 180, haifiki hata ampea 1. Birika la wati 2,000 peke yake linachukua ampea 8 na zaidi. Hita ya kuogea inayochemsha maji papo hapo, ya wati 5,500, inataka karibu 23. Kuvitia vyote kwenye waya mmoja ni kulazimisha waya wa taa ubebe mzigo wa hita, au kununua waya mnene wa hita kwa ajili ya balbu. La kwanza linachoma nyumba, la pili linamaliza fedha. Ndiyo maana fundi hugawa.

Nyumba moja, saketi saba

Chukua nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu vya kulala, yenye umeme wa fezi moja, yaani waya mmoja tu wa moto kutoka kwenye nguzo. Dibii iliyopangwa vizuri ingekuwa hivi. Unene wa waya ni wa milimita za mraba, kama unavyotajwa dukani:

- Taa za mbele na sebuleni: waya 1.5, breka ya ampea 6 au 10
- Taa za vyumbani na nje: waya 1.5, breka ya 6 au 10
- Soketi za sebuleni: waya 2.5, breka ya 20
- Soketi za vyumbani: waya 2.5, breka ya 20
- Soketi za jikoni: waya 2.5, breka ya 20
- Jiko la umeme: waya 6, breka ya 32
- Hita ya bafuni: waya 6, breka ya 32

Msomaji makini atauliza: taa zote hazifiki ampea 1, mbona zina saketi mbili? Hapa sababu si mzigo. Balbu moja ya nje ikiingia maji ya mvua na kupiga shoti, hutaki nyumba nzima iwe giza huku watoto wakiwa kwenye ngazi. Saketi ya pili inakuachia mwanga wa kutafutia tatizo.

Swali lingine: ukijumlisha breka hizo, hata kwa breka ndogo za taa, unapata ampea 136, na swichi kuu mara nyingi ni ya 63. Hakuna kosa. Hakuna familia inayopika, kuoga, kupiga pasi na kuchemsha chai kwa dakika moja. Fundi hukadiria kinachoweza kutumika kwa pamoja. Lakini makadirio hayo hubadilika. Waganda wengi wamepika kwa mkaa tangu zamani, na jiko la nyumba nyingi za mjini liliwekewa soketi moja au mbili, za birika na friji. Sasa serikali ina bei maalumu ya umeme wa kupikia, na sufuria za presha za umeme zinaingia majumbani. Ukianza kuchemsha maharage kwa umeme, saketi ya jikoni ya miaka ile si ya kuamini bila kuikagua.

Sasa, ile nusu iliyozimika

Giza likiingia, kwanza chungulia kwa jirani. Kama naye yuko gizani, subiri kampuni. Kama kwake kunawaka, angalia salio la Yaka. Likiwepo, fungua dibii.

Breka moja ikiwa imeshuka, umepata saketi yenye tatizo. Chomoa vifaa vyote vya saketi hiyo, kisha ipandishe. Ikikaa, chomeka kimoja kimoja. Kile kitakachoiangusha ndicho chenye hitilafu. Ikishuka hata bila kifaa chochote, tatizo liko kwenye waya au soketi, na hapo kazi yako imekwisha: mwite fundi. Usiipandishe mara ya tano kwa matumaini.

Kuna hali ya tatu inayowachanganya wengi. Breka zote ziko juu, jirani anawaka, salio lipo, lakini sehemu ya nyumba ni giza. Hii hutokea kwenye nyumba kubwa na majengo ya ghorofa yenye fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto. Saketi zimegawiwa kwa fezi hizo, na moja ikipotea, kwa fyuzi iliyokatika kule kwenye transfoma au muunganisho uliolegea, theluthi ya nyumba inakufa na zilizobaki zinaendelea. Hiyo piga simu kampuni ya umeme. Zima pia vifaa vikubwa vya fezi tatu, kama pampu ya kisima, kwa sababu mota ikilazimishwa kuzunguka kwa fezi mbili huungua.

*Kwa ufupi: jirani, salio, breka, fezi. Fuata utaratibu huo na mara nyingi utajua nani wa kumpigia.*

Pete waliyotuachia Waingereza

Plagi yetu ya pini tatu za mraba ina historia inayoeleza nyaya zilizo ukutani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na nyumba nyingi za kujenga na shaba haba. Wataalamu wao wakabuni njia ya kuokoa shaba: waya wa soketi utoke kwenye breka, upite soketi zote, kisha urudi palepale ulipoanzia. Umeme ukafika kwenye kila soketi kutoka pande mbili, na waya wa 2.5 ukaweza kulindwa kwa ampea 30, leo 32. Mafundi huuita ringi. Kwa kuwa breka hiyo ni kubwa mno kuulinda waya mwembamba wa taa ya mezani, plagi mpya iliyotolewa mwaka 1947 iliwekewa fyuzi yake ndani.

Mwaka uliofuata, 1948, serikali ya kikoloni iliunda bodi ya umeme ya Uganda, UEB, na Aprili 1954 Malkia Elizabeth akazindua bwawa la Owen Falls kule Jinja, sasa Nalubaale. Plagi ya mraba ikaja na umeme huo, kama ilivyokuja Kenya na Tanzania. Ukienda Congo au Burundi, walikotawala Wabelgiji, utakuta pini mbili za mviringo zisizo na fyuzi, na soketi zinazolindwa na breka yao peke yake.

Historia hii ina athari hadi leo. Ringi ni salama ikiwa pete imekamilika. Ikikatika mahali pamoja, labda fundi aliondoa soketi wakati wa ukarabati na hakuunganisha ncha, soketi zote zitaendelea kufanya kazi. Hutaona chochote. Lakini waya wa 2.5 uliokuwa ukisaidiwa kutoka pande mbili sasa unabeba kila kitu upande mmoja, ukilindwa na breka ya 32 isiyoufaa. Kwa maoni yangu, mjini kwetu ambako nyumba hukarabatiwa na fundi huyu leo na mwingine kesho bila mchoro wowote, saketi ya moja kwa moja yenye breka ya 20 ni bora kuliko ringi. Ikikatika, utajua siku hiyo hiyo.

Usiidharau pia fyuzi ya plagi. Ya ampea 3 ni ya redio, chaja na taa. Ya 13 ni ya pasi na birika. Anayeziba nafasi yake kwa karatasi ya sigara ameondoa ulinzi ambao mfumo mzima ulijengwa ukiutegemea.

Breka inalinda nini?

Wengi wanaamini breka inamlinda mtu. Breka inalinda waya. Ukilielewa hili, mengine yote yananyooka.

Ndani ya breka mna vitu viwili. Kimoja ni kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja, ambacho hujipinda kikipata joto na kuifyatua swichi: hiki hushughulikia mzigo uliozidi polepole. Cha pili ni koili ya sumaku, inayovuta mara moja umeme ukiruka ghafla, kama pale moto unapogusana na nyutro. Hiyo ndiyo shoti.

Kile cha joto hakina haraka. Tuseme jikoni, kwenye breka ya 20, umewasha birika la wati 2,000, maikrowevu ya 1,200, na sufuria ya presha ya 1,000, kisha dada akaja kupiga pasi ya 1,200. Jumla 5,400, sawa na ampea 22.5. Breka itavumilia saa nzima na zaidi, na imetengenezwa hivyo makusudi. Hata ikifika 29, kanuni inaidai ishuke ndani ya saa moja tu. Muda wote huo waya unapata moto ndani ya ukuta.

Sasa fikiria mwenye nyumba aliyechoka breka yake ya 20 kushuka kila jioni, akanunua ya 32 au ya 40 na kuirudisha kwenye waya ule ule wa 2.5. Breka imenyamaza, naye ameridhika. Waya wa namna hiyo hubeba kati ya ampea 20 na 27, kutegemea umepita wapi. Ameuondolea mlinzi. Katika makosa yote ya umeme majumbani, hili ndilo ningelipiga marufuku la kwanza, kwa kuwa linafanyika kwa dakika tano na lina sura ya matengenezo.

Mtu je? Umeme wa miliampea 30, yaani sehemu 30 kati ya 1,000 za ampea, ukipita kifuani unatosha kuuvuruga moyo. Breka ndogo kabisa ya taa, ya ampea 6, inaruhusu kiasi hicho mara 200 bila kushtuka. Anayemlinda mtu ni kifaa kingine, RCD. Hulinganisha umeme unaotoka na moto na ule unaorudi na nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, maana yake kuna umeme unaovuja mahali, labda kupitia mwili wa mtu, na RCD hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Utaitambua kwenye dibii kwa kitufe kilichoandikwa T. Nyumba nyingi za zamani hazina.

Mizigo

Familia nyingi za Kampala haziishi kwenye nyumba ya saketi saba. Zinaishi kwenye mizigo: safu ya vyumba vya kupanga, kila familia chumba kimoja, pale Bwaise, Katwe, Kamwokya. Mita mara nyingi ni moja, na waya ni mmoja, unaoruka kutoka chumba hadi chumba juu ya dari.

Ingia chumba cha tatu, uangalie pale waya unapogawanyika. Nyaya mbili zimesokotwa kwa koleo na kufungwa selotepu nyeusi. Selotepu imelegea kwa joto, gundi yake imetiririka, na shaba iliyo chini yake imegeuka kahawia. Mkono ukisogea karibu unahisi vuguvugu. Wakati mwingine kuna harufu kama ya samaki: ni plastiki inayoanza kuungua. Harufu hiyo ukiisikia nyumbani, zima swichi kuu kabla ya kuuliza swali.

Piga hesabu ya Jumapili asubuhi kabla ya ibada. Vyumba 10, kila kimoja pasi ya wati 1,000: ni karibu ampea 42 kwenye waya mmoja wa 2.5. Wenye nyumba wanalijua tatizo, ndiyo maana wengi hupiga marufuku pasi na koili za kupikia, kisha ugomvi hauishi. Mpangaji naye humwita yule fundi wa kuiba umeme ambaye Kampala humwita kamyufu na Dar es Salaam humwita kishoka, amvutie waya wa pembeni usio na breka wala ethi.

Dawa inajulikana. Kila chumba kipewe waya wake kutoka kwenye dibii na breka yake ya ampea 10. Hiyo ni wati 2,400: pasi inapita, au birika, si vyote viwili. Anayezidisha anazima chumba chake mwenyewe, na majirani wanalala kwa amani. Ongeza RCD mbili, na kila moja ilinde nusu ya vyumba. Gharama kubwa hapo ni waya, na mwenye nyumba anayepokea kodi ya vyumba 10 hana sababu ya kusema hawezi.

Inverta na jenereta

Waliokuwa Kampala mwaka 2006, kina cha Ziwa Victoria kiliposhuka na mgao wa umeme ukawa mkali, wanakumbuka kelele za jenereta mitaani. Leo wengi wanaweka inverta na betri, na hapo mgawanyo mzuri hukulipa. Unachagua saketi mbili au tatu, taa, soketi za sebuleni na friji, na fundi anazihamishia upande wa inverta. Hita na jiko vinabaki upande wa gridi. Nyumba ya waya mmoja haina uchaguzi huo: ni yote au hakuna.

Jenereta iunganishwe kwa swichi ya kubadilisha, ile inayoruhusu upande mmoja tu kwa wakati. Kebo yenye plagi pande zote mbili, inayochomekwa kwenye soketi ili kurudisha umeme nyumbani, husukuma umeme hadi nguzoni. Fundi wa kampuni aliye juu ya nguzo, aliyeambiwa laini imezimwa, anaweza kufa kwa ajili yake.

Kabla hujalala leo

Fungua dibii yako. Andika kwenye karatasi kila breka inazima nini, kwa kuzima moja moja na kuzunguka nyumba, kisha uibandike ndani ya kijilango. Soma namba kwenye kila breka. Ukiona 32 au 40 pale palipostahili 20, usiguse, andika. Bonyeza kitufe cha T. RCD ikishuka, ipandishe na urudie zoezi hilo kila baada ya miezi mitatu. Isiposhuka, au usipokiona kitufe chenyewe, tafuta fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayodhibiti umeme nchini. Mwombe akuonyeshe kibali kabla hajatoa bisibisi yake, na mtu asiye nacho asiiguse dibii yako, hata awe shemeji.